Gego la mwisho linapoota: namna ya kulitambua, kulikagua mwenyewe na kujua lini uende hospitali

Nyuma kabisa ya kinywa pakianza kuuma, kijana wa Tanga hupewa majibu matatu kabla hajamaliza kueleza. Bibi atasema ni mdudu wa jino. Rafiki atasema ni sikio. Muuza duka la dawa atafungua droo ya antibayotiki. Huenda wote watatu wamekosea, na kulijua hilo hakuhitaji mashine. Unahitaji kioo, tochi ya simu, kidole kisafi na dakika kumi.

Tunazungumzia gego la mwisho, ambalo wengine huliita jino la akili kwa kuwa huja mtu akiwa ameshakua. Huota zaidi kati ya miaka 17 na 25, ingawa kulikuta likichomoza kwa mtu wa miaka 30 si ajabu. Mtu mzima mwenye meno yote ana 32, na manne kati ya hayo ndiyo haya, moja kila pembe. Ukihesabu ukapata 28 au 30 usishtuke. Takriban mtu mmoja kati ya watano hakuumbiwa angalau moja ya magego haya. Wengine wanayo, ila yamelala ndani ya mfupa na huenda yasitoke maisha yao yote.

Hesabu kwanza

Kosa kubwa kuliko yote ni kumlaumu gego la mwisho bila kujua kama ndilo linalouma. Simama dirishani mchana, shika kioo, anza kwenye mstari wa katikati ya meno ya mbele uende upande mmoja. La 1 na la 2 ni meno ya kukatia, la 3 ni chonge, la 4 na la 5 ni magego madogo, la 6 na la 7 ni magego makubwa. La 8 ndilo unalolitafuta.

Hesabu hii ndiyo wanayotumia madaktari wenyewe. Ukiona kwenye kadi yako pameandikwa 18, ni gego la mwisho la juu kulia. 28 ni la juu kushoto, 38 la chini kushoto, 48 la chini kulia. Tarakimu ya kwanza inataja robo ya kinywa, ya pili inataja jino.

Kuna mtego hapa. Mtu aliyeng'olewa gego la 6 akiwa shule ya msingi, la 7 husogea mbele na kuziba pengo. Akihesabu leo anapata saba tu, anajiambia la nane bado, kumbe hilo la saba analoliona ndilo la 8. Umri husaidia kuufumbua mtego huu: la 6 huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, la 7 akiwa na miaka 12 hivi. Gego lililokuja ukiwa sekondari ya juu au baada ya hapo ndilo la mwisho. Kwa hesabu hiyo hiyo, mtoto wa miaka 12 anayelalamikia nyuma ya taya anaota la 7, na mama asimtishe kwa habari za kung'oa.

Tazama, gusa, linganisha

Nawa mikono kwa sabuni, piga mswaki, kisha vuta shavu kwa mpini wa kijiko huku tochi ikimulika ndani. Kwa magego ya chini, achama wazi. Kwa ya juu fanya kinyume: fumba mdomo nusu ndipo uvute shavu, kwa sababu ukiachama sana mfupa wa taya la chini husogea mbele na kubana nafasi ile ile unayotaka kuiona. Wengi hushindwa kuliona gego la juu kwa sababu hiyo tu.

Utakachokiona kinategemea gego limefika wapi. Mwanzoni ufizi nyuma ya la 7 hujaa na kuwa mgumu, kama kuna kokwa chini yake. Baadaye ncha moja au mbili nyeupe hutokeza. Kisha huja hatua ndefu yenye usumbufu zaidi: nusu ya mbele ya jino iko nje, nusu ya nyuma imefunikwa na kipande cha ufizi. Tukiite kofia ya ufizi, maana tutakirudia sana.

Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Fizi za wengi wetu zina mabaka meusi ya asili, na wekundu haujitokezi vizuri juu yake. Linganisha kulia na kushoto: upande uliotutumka, unaong'aa, wenye kutoa damu ukiguswa kidogo ndio wenye shida. Piga picha kwa simu siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, ukiwa mahali pale pale na kwa mwanga ule ule. Picha tatu zitamweleza daktari mambo ambayo mgonjwa hushindwa kuyakumbuka.

Sasa bonyeza ufizi kwa ncha ya kidole, hesabu moja hadi tatu, uachie. Maumivu mazito yasiyo makali ni ya kawaida. Yakitoka majimaji yenye ladha mbaya, au usaha, pameshaingia maambukizi. Usichokoe kwa pini wala njiti ya kiberiti. Kofia ya ufizi ikichanika inavimba zaidi na kuupa uchafu njia.

Kipimo cha vidole vitatu

Hiki wachache wanakijua, na ni chepesi. Shikanisha kidole cha shahada, cha kati na cha pete, viweke wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia vyote vitatu, taya linafunguka vizuri. Vikiingia viwili tu na zamani vilikuwa vinaingia vitatu, misuli ya kutafunia imeanza kukaza kwa sababu uvimbe umeifikia. Kikiingia kimoja, acha kusoma mwongozo, nenda hospitali leo.

Rudia kipimo hiki kila asubuhi maumivu yakiwepo. Maumivu hudanganya: yanaweza kupungua kwa dawa huku maambukizi yakiendelea kusambaa. Taya haliwezi kudanganya.

Malizia kwa kupapasa chini ya mfupa wa taya, pande zote mbili. Tezi iliyovimba huhisiwa kama punje ya mbaazi inayouma ukiibonyeza. Pima na joto la mwili kama una kipimajoto.

Kuota salama kukoje

Gego linaloota bila matatizo huuma kwa vipindi. Siku mbili tatu ufizi unakuwa mzito, unauma ukitafuna upande huo, pengine maumivu yanapanda kuelekea sikioni kwa kuwa mishipa ya fahamu ya taya na ya sikio iko jirani. Kisha panatulia wiki kadhaa au miezi, halafu panaanza tena. Hiyo ni kawaida. Ladha mbaya mdomoni si kawaida, wala kushindwa kuachama.

Homa pia si dalili ya jino kuota. Pwani hii mtu akiwa na homa apime malaria kwanza, hata kama jino nalo linauma, kwa sababu mambo mawili yanaweza kumpata mtu wiki moja. Kuna dengi vilevile, ambayo Tanga iliipata mwaka 2019. Homa isiyojulikana chanzo itulizwe kwa parasetamoli peke yake mpaka upime. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huweza kuzidisha kutoka damu kwa mwenye dengi.

Jambo jingine linalosemwa sana ni kwamba gego la mwisho linasukuma meno ya mbele mpaka yanapandana. Utafiti haujaliunga mkono. Meno ya mbele ya chini husogeleana kadiri umri unavyokwenda hata kwa watu wasio na gego la mwisho kabisa. Usikubali kung'olewa kwa sababu hiyo peke yake.

Shida ni kofia, zaidi ya jino lenyewe

Taya la chini la watu wengi lina nafasi ndogo nyuma ya la 7. Gego la 8 hujikuta limeinama mbele, linaegemea mgongo wa mwenzake, na kofia ya ufizi inabaki juu yake kama kifuniko cha sufuria kisichokaa sawa. Chini ya kifuniko hicho hakuna hewa, mate hayapiti vizuri, mswaki haufiki. Hapo ndipo maisha ya Tanga yanapoingia: nyuzi za embe, ganda la bisi, machicha ya nazi, nyuzi za ubuyu, punje ya kashata. Kikiingia kipande kimoja kikalala humo siku mbili, vijidudu visivyohitaji hewa hustawi, ufizi unavimba.

Ukishavimba, gego la juu linaanza kuukanyaga kila unapofunga mdomo. Ukikanyagwa unavimba zaidi, ukivimba zaidi unakanyagwa zaidi. Ndiyo maana mara nyingine daktari huamua kulitoa gego la juu lisilouma ili la chini linalouma lipate nafuu. Mgonjwa hudhani daktari amekosea jino, na hajakosea.

Dalili za kofia iliyopata maambukizi ni hizi: maumivu ya kudunda nyuma ya la 7, kumeza kunauma upande mmoja, harufu mbaya isiyoondoka kwa mswaki, ladha ya usaha, kipimo cha vidole kupungua, tezi kuvimba.

Kuosha chini ya kofia

Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu. Glasi ya mililita 250, nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka iyeyuke yote. Sukutua ukiinamisha kichwa upande unaouma, sekunde 30, tema, rudia mpaka glasi iishe. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala. Chumvi nyingi kuliko hapo haiongezi nguvu, inababua tu.

Kusukutua peke yake mara nyingi hakuondoi kilichonasa. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10, ila sindano yenyewe huihitaji. Itupe salama au uombe bomba bila sindano. Vuta maji yale yale ya chumvi, weka mdomo wa bomba pembeni mwa kofia bila kuuchomeka ndani, sukuma polepole. Mabomba mawili au matatu kila baada ya mlo yanatosha. Mara ya kwanza huenda pakatoka kipande cha chakula na damu kidogo, na maumivu yakapungua ndani ya saa chache. Yasipopungua baada ya siku mbili za kuosha hivi, tatizo limeshavuka uwezo wa nyumbani.

Mswaki: tafuta wa mtoto, wenye kichwa kidogo na nywele laini. Ule mkubwa wa mtu mzima hugonga shavu kabla ya kufika nyuma. Fumba mdomo nusu, uingize kwa pembeni, usugue mgongo wa la 8. Mswaki wa mti ni mzuri kwa meno ya mbele na ya katikati, lakini kijiti kilichonyooka hakipindi kona ile.

Klorheksidini ya 0.2%, dawa ya kusukutulia ya kuua vijidudu, husaidia: sukutua mililita 10, dakika moja, asubuhi na jioni, kisha tema. Iache ipite nusu saa baada ya dawa ya meno, maana sabuni iliyomo huipunguzia nguvu. Usiitumie zaidi ya wiki mbili bila ushauri, hugeuza meno na ulimi kuwa kahawia, na chai ya rangi huharakisha kazi hiyo.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika. Osha kwa bomba baada ya futari, kabla ya kulala na baada ya daku, na usilale na mabaki ya daku mdomoni. Dawa za maumivu zipangwe nyakati hizo hizo. Ukiwa na homa au uvimbe, mwone daktari, na suala la kufungua muulize shehe wako. Usiugulie mpaka Idi.

Dawa ya maumivu bila kukosea

Mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50 anaweza kunywa vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Hivyo ni vidonge vinane kwa siku nzima na hapo ndipo mwisho. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, nazo zihesabiwe.

Kama huna homa ya mashaka tuliyoitaja, ibuprofeni ya miligramu 400 kila baada ya saa nane, ukiwa umekula, hushughulikia uvimbe vizuri zaidi, na inaweza kutumika pamoja na parasetamoli. Haimfai mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo. Usiichanganye na diklofenaki. Ni ndugu wa ukoo mmoja, na ukizinywa zote mbili tumbo na figo ndivyo vitakavyolipa.

Karafuu, ya Pemba au ya Muheza, ina mafuta yanayotia ganzi kweli. Tone moja la mafuta yake lichanganye na mafuta kidogo ya kupikia, chovya pamba, gusisha mahali panapouma. Mafuta matupu hubabua ufizi. Kidonge cha aspirini kilichowekwa juu ya ufizi hubabua zaidi, na bado watu wanafanya.

Antibayotiki zina mahali pake: homa, tezi, taya kukaza, uvimbe unaosambaa. Kofia yenye chakula ndani haiponi kwa amoksilini wala metronidazoli huku chakula kimo. Dozi ya nusu ya duka la dawa hutuliza siku nne, wiki ya pili unarudi palepale, na vijidudu vilivyobaki vimeshaizoea dawa.

Yanayofanana nalo

Ukihisi maji baridi au chai ya moto inachoma na uchungu unabaki dakika nzima, hasa usiku, shuku tundu kwenye la 7. Mara nyingi tundu hilo liko mgongoni mwake, pale gego la 8 lililoinama linapobania chakula, na kwenye kioo huwezi kuliona. Jino likiuma ukiligonga kidogo kwa mpini wa kijiko, shuku usaha kwenye mzizi. Magego ya juu yakiuma yote kwa pamoja, ukiinama panazidi, na pua imeziba, shuku matundu ya hewa ya usoni yanayokaa juu ya mizizi yale. Mlio na maumivu mbele ya sikio unapotafuna ni kiungo cha taya. Na maumivu ya kuchoma kama sindano yaliyoanza ghafla baada ya kula samaki, tafuta mwiba kwanza.

Lini uende

Leo hii, hata kama ni usiku: kumeza mate kunashindikana, sauti imebadilika, chini ya ulimi au chini ya kidevu pamevimba na kuwa pagumu, pumzi inapungua, jicho limeanza kuzibwa na uvimbe, au kidole kimoja tu ndicho kinaingia mdomoni. Uvimbe wa aina hii unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mtu wa Pangani au Mkinga asisubiri gari la kesho, aanze na hospitali ya wilaya iliyo karibu. Kwa aliye mjini Tanga, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo.

Ndani ya siku mbili: homa ya 38 na kuendelea, usaha, vidole viwili. Mwenye kisukari, mjamzito na mwenye kinga iliyopungua waende mapema kuliko wengine, hata dalili zikiwa ndogo.

Wiki hii au ijayo: maumivu yanayorudi mara ya pili au ya tatu mahali pale pale, au gego la juu linalouma shavu kila ukitafuna. Magego ya juu hupenda kutokea kuelekea shavuni, na kidonda cha shavu kisichopona wiki mbili hutakiwa kuonwa na daktari, hasa kwa anayekula tambuu au ugoro.

Ukifika, taja siku yalipoanza, dawa ulizokunywa na saa, na namba ya jino. Utafanyiwa uchunguzi, na yamkini eksirei. Ile ya taya zima huonyesha gego limelalaje na mizizi iko umbali gani na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Mjamzito aseme mapema kabla ya picha. Matokeo yanaweza kuwa kuosha tu, kukata kofia, au kung'oa. Gego lililolala kimya lisilosumbua halina haja ya kutolewa. Uingereza, chombo chao cha kutoa miongozo ya tiba, NICE, kilitoa mwongozo wa namna hiyo tangu mwaka 2000. Lililokwishavimbisha kofia mara mbili au linalooza mgongo wa la 7 ni habari nyingine, na hapo kuchelewa kunaweza kukugharimu meno mawili.

Likitolewa, uma shashi nusu saa bila kuichungulia kila dakika. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija hata dafu, usivute sigara: donge la damu ndilo bandeji ya shimo. Kula uji, mtori, samaki wa mchuzi aliyetolewa miiba. Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Baada ya saa 24 anza maji ya chumvi. Maumivu yanayopanda kuelekea sikioni siku ya tatu au ya nne, na shimo likiwa tupu lenye harufu, ina maana donge limetoka. Rudi waweke dawa, panadoli haitatosha. Na mdomo wa chini ukiwa bado una ganzi kesho yake asubuhi, wapigie au uende siku hiyo hiyo uwaambie.